Dakika Ishirini na Moja

Mjomba wangu aliendesha gari la wagonjwa kwa miaka ishirini na sita. Miaka minne ya kwanza watu walimwita Risasi. Iliyobaki yote walimwita Sinia. Mimi ni mtoto wa dada yake, na tulikuwa tukiishi nyumba moja, yeye akiwa na chumba chake cha uani chenye mlango wa bati. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Niliyoyakosa nilisimuliwa na muuguzi aliyekuwa akisafiri naye, na huyo hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Udereva alijifunzia kwenye lori la soda. Kazi ya kreti ni kazi ya breki: ukikanyaga vibaya chupa zinalia, na zikilia sana tajiri anakungoja getini mikono kiunoni. Alipoajiriwa hospitalini akiwa na miaka ishirini na saba alikuwa na mguu mpole kuliko dereva yeyote mjini kwetu. Halafu akausahau. Mama alikuwa akisema mdogo wake alizionea huruma chupa kuliko watu.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo: wadi tatu, chumba cha kujifungulia, maabara yenye hadubini moja, na jenereta lililokohoa kama mzee wa tumbaku. Mgonjwa akizidi uwezo wao alipelekwa hospitali kubwa, kilomita themanini na nne kutoka kwetu. Barabara ilikuwa ya lami na imenyooka karibu yote, isipokuwa daraja la mto na kona kali inayofuata, ambapo mvua ikinyesha mchanga hushuka kutoka kilimani na kulala juu ya lami.

Mwaka wake wa kwanza alimpeleka mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Alitumia dakika hamsini na mbili. Daktari aliyewapokea kule alimwambia, "Dereva, mngechelewa kidogo tu tungewapoteza wote wawili." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na yule mama na mwanawe wapo mpaka leo. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mjomba alinunua kijidaftari cha jalada la bluu, akakichomeka juu ya kioo cha mbele, na tangu siku hiyo kila safari aliandika dakika alizotumia. Hamsini na tano. Hamsini na moja. Siku moja alirudi nyumbani akakaa mezani kwa Mama, akatusimulia kama mtu anayesimulia goli alilofunga: arobaini na nane.

"Mgonjwa alikuwa na nini?" Mama akamuuliza.

Mjomba akafikiri. "Nadhani ngiri."

"Nadhani," Mama alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Muuguzi aliyesafiri naye mara nyingi alikuwa mama mrefu, mkubwa wake kwa miaka kumi na miwili, ambaye kila mtu alimwita Mama Pamba kwa sababu mfuko wa gauni lake la kazi haukuwahi kukosa bonge la pamba. Kati ya kiti cha dereva na sehemu ya nyuma palikuwa na kidirisha cha kuteleza. Mama Pamba alikuwa akikigonga kwa pete yake.

"Risasi, punguza! Huku nyuma tunarushwarushwa kama mbaazi kwenye ungo."

"Tunawahi, Sista!"

"Tunawahi wapi? Kaburini hakuna foleni."

Mjomba alikuwa akicheka, anapunguza kwa kilomita moja au mbili, kisha mguu unarudi palepale.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua imekatika muda si mrefu. Mgonjwa alikuwa fundi mwashi aliyeteleza kwenye jukwaa akavunjika mguu juu kidogo ya kifundo. Alikuwa ameshafungwa mbao na bendeji, amepewa dawa ya maumivu, na alikuwa akipiga soga. Angeweza kusubiri hata kesho yake. Mjomba alipita daraja akiwa kwenye mia na kumi na tano. Nyuma, mfuko wa dripu ulikuwa umechomoka kwenye ndoano, na Mama Pamba alikuwa amesimama kuurudisha.

Mjomba aliniambia kwamba aliuona mchanga. Aliuona vizuri kabisa, ulivyotandazwa kwenye kona kama mkeka, na akajua kwamba hapo usukani si wake tena. Gari liliteleza kwa ubavu, tairi za kushoto zikashika nyasi, likalala, likabingirika mara moja, likatua kwa ubavu ndani ya mtaro.

Fundi mwashi alikuwa amefungwa mikanda kwenye machela, na machela imefungwa sakafuni. Alibaki ananing'inia, anamwita mama yake, na alipogundua kwamba yu mzima akaanza kucheka bila kuweza kujizuia. Baadaye aliwaambia watu, "Nilipanda na mguu mmoja mbovu, nikashuka na huohuo mmoja." Mama Pamba hakuwa na mkanda. Nyuma hapakuwa na mkanda wa muuguzi. Alikuwa amelala juu ya kioo cha pembeni ambacho sasa kilikuwa chini, na mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Mjomba alitoka kupitia dirishani, akafungua mlango wa nyuma kwa kuupiga teke. Alipotaka kumwinua, Mama Pamba alinyoosha kidole.

"Usiniguse. Nyonga imekwenda. Zima injini kwanza, nasikia harufu ya mafuta. Halafu mwangalie mgonjwa. Halafu uje hapa ukae, na usilie, kwa sababu ukilia nitalia."

Akafanya yote kwa mpangilio huohuo, isipokuwa la mwisho. Alilia mpaka watu waliokuwa wakikusanyika wakadhani yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Fundi mwashi alichukuliwa na basi la shule lililokuwa likirudi tupu. Mama Pamba hakuweza kuketishwa, ikabidi wangoje gari la wagonjwa kutoka hospitali kubwa. Walingoja saa mbili kasoro, kichwa chake kikiwa juu ya koti la Mjomba. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe.

Mjomba alikiri kosa mahakamani. Leseni ilifungiwa mwaka mmoja. Kwa wiki tano hospitali yetu haikuwa na gari, na wagonjwa walisafirishwa juu ya malori ya mbao na magari ya watu wenye huruma. Wangapi waliumia zaidi kwa ajili hiyo, hakuna aliyehesabu. Mjomba alijaribu kuhesabu, akaacha.

Daktari mkuu hakumfukuza. Alimpeleka kwa dobi. Mwaka mzima Mjomba alifua mashuka ya wadi kwenye mabeseni ya saruji nyuma ya jengo, akiyaloweka kwanza kwenye maji baridi kwa sababu damu ikipigwa na maji ya moto haitoki tena. Mikono yake ilichubuka mpaka akawa anashindwa kufunga vifungo. Madereva wenzake wakipita walimpigia honi ya utani, naye aliinua mkono wenye povu.

Kila Jumapili alipanda basi kwenda hospitali kubwa kumwona Mama Pamba. Mara mbili za mwanzo alikaa pembeni ya kitanda akaondoka bila wao kusemezana. Mara ya tatu alipeleka machungwa. Mama Pamba alimenya moja polepole, akala nusu, kisha akamuuliza:

"Ulikuwa unawahi nini?"

Mjomba akaokota maganda ya chungwa kitandani.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Mwashi amevunjika kifundo. Hatoki damu, hatapiki, anatusimulia habari za shemeji yake. Wewe ulikuwa unawahi nini?"

Angeweza kusema mvua, au mchanga, au breki. Mahakamani alikuwa ametaja yote matatu. Akasema, "Nilikuwa na arobaini na nane. Nilitaka arobaini na saba."

Mimi sikuwepo, lakini wote wawili walinisimulia mahali hapa kwa maneno yaleyale. Mama Pamba akampa nusu ya chungwa iliyobaki.

"Angalau umesema kweli," akasema. "Kula."

Mama Pamba alirudi kazini baada ya miezi kumi na moja, akichechemea. Nyonga ilikuwa na vyuma na mguu wa kulia ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili, hivyo fundi viatu alimwongezea soli. Wengi walidhani ataomba kazi ya kukaa mezani. Akaomba kurudi kwenye gari. Gari jipya lilikuwa na dereva mpya, kijana mrefu mwenye miwani ya jua. Mama Pamba alisafiri naye mara moja tu, aliporudi akaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari mkuu.

"Mrudishe yule wa mashuka."

"Sista, yule ndiye aliyekuvunja."

"Ndiyo. Nataka aliyewahi kuanguka. Huyu mrefu hajui ardhi ilivyo ngumu."

Aliandika pia barua nne, kila wiki moja, mpaka kiti cha muuguzi kikafungwa nyuma pamoja na mkanda wake. Na siku leseni ya Mjomba ilipofunguliwa, alipopanda kwenye usukani, kidirisha kikagongwa kwa pete.

"Sikiliza. Utaendesha kama umebeba sinia la chai unawapelekea wakwe. Haraka unayo, lakini chai isimwagike."

Wahudumu waliokuwa wamesimama hapo walicheka, na jina likamganda. Sinia. Hakulikataa. Mwendo wake kwenye lami iliyonyooka ukawa themanini, kwenye daraja hamsini, kwenye kona arobaini, mvua au jua. King'ora alikitumia kupisha njia tu. Alikuwa akisema king'ora kina tabia ya kumpanda dereva kichwani kama pombe. Safari ya hospitali kubwa ikawa ya dakika sabini, ikizidi au kupungua kidogo, na dakika hizo hakuziandika popote.

Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Alioa, akapata binti, akahama chumba cha uani akajenga jirani yetu. Alisafirisha watu wasiohesabika. Wengi walipona, baadhi walifia njiani, wawili walizaliwa ndani ya gari. Kila aliyefia njiani alimfanya akae kwenye ngazi za nyuma ya jengo la dobi kwa muda kabla ya kurudi nyumbani, na sote tulijua tusimfuate.

Halafu akaja Mzee wa Mashine.

Huyu alikuwa mtu mwenye kinu cha kusaga nafaka pale sokoni. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, nyusi zake nyeupe kwa unga toka asubuhi mpaka jioni. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mwenye miaka ishirini na minne, aliyependwa na kila mtu, na aliyeendesha pikipiki kama anayefukuzwa na nyuki. Wateja wakilalamika, baba yake alikuwa akitikisa kichwa huku akitabasamu. "Ujana huo," alikuwa akisema. "Maji ya moto, yatapoa."

Asubuhi moja ya Jumanne, mbele ya shule ya msingi, kijana huyo alipita lori kwa upande asiouona, akakuta trela la trekta limeegeshwa. Walimleta hospitalini kwetu kwenye toroli la mbao. Usoni hakuwa na hata mchubuko. Tumbo ndilo lililokuwa likijaa.

Daktari mkuu alimpima akasema apelekwe mara moja. Mama Pamba akapanda nyuma, Mjomba akashika usukani, Mzee wa Mashine akaketi mbele akiwa bado na aproni ya kazini. Walipotoka mjini na lami ikanyooka, aliutazama mshale wa mwendo.

"Themanini?"

"Themanini, mzee."

"Kimbiza, bwana. Barabara si nyeupe?"

"Nyeupe, mzee. Lakini nyuma kuna kazi inafanyika."

"Mwanangu anakufa nyuma! Kimbiza!"

Mjomba aliacha mguu mahali ulipokuwa. Kidirisha kikagongwa, na Mama Pamba akasema, "Natafuta mshipa wa pili. Shikilia hapohapo." Mjomba akashikilia. Mzee akaanza kupiga dashibodi kwa kiganja, unga ukipukutika kutoka mikononi mwake. Alisihi, akatukana, akasihi tena. Alimwambia kwamba atampa kinu. Kwenye kona Mjomba aliposhuka mpaka arobaini, mzee alishika usukani, na Mjomba akamwondoa mkono kwa nguvu, kama unavyomtoa mtoto mkono kwenye jiko.

Walifika kwa dakika sitini na tisa. Kijana alikuwa hai. Aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa hai. Saa mbili baadaye daktari alitoka na kofia mkononi.

Siku kumi baada ya maziko, Mzee wa Mashine aliandika malalamiko. Kikao kilifanyika ofisini kwa daktari mkuu, viti vitano na feni moja isiyozunguka. Mzee alikuja na mdogo wake, amevaa koti, nyusi zake nyeusi. Mjomba aliniambia hakuwahi kujua kwamba zilikuwa nyeusi.

"Nina swali moja," mzee alisema, akimtazama Mjomba. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukiitwa Risasi?"

"Ndiye mimi."

"Si wewe uliyekuwa ukitamba sokoni kwangu, mbele ya wateja wangu, kwamba unafika kwa dakika arobaini na nane?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Siku ya mwanangu ulitumia sitini na tisa. Toa arobaini na nane, baki ishirini na moja. Nataka mtu mmoja humu ndani aniambie: dakika ishirini na moja zingemwokoa au zisingemwokoa?"

Daktari mkuu alichukua simu, akampigia daktari aliyefanya upasuaji, akaweka spika ili wote wasikie. Sauti ya upande wa pili ilikuwa imechoka.

"Mzee, pole sana. Bandama lilikuwa limepasuka na ini limechanika. Nimewahi kumwona mtu wa hali hiyo akipona. Nimewahi pia kumwona akifia mezani wakati sisi tumeshasimama tunamngoja. Ukinitaka niseme ndiyo, nitakuwa nakudanganya. Ukinitaka niseme hapana, vilevile."

Simu ikakatwa. Mama Pamba akafungua daftari lake la safari, akasoma: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kila baada ya dakika kumi. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa, kilomita ya thelathini, nilipata mshipa wa pili. Mishipa ilikuwa imelala kabisa, nilichoma mara tatu. Kwenye mwendo wa Risasi nisingeupata, labda ningemchoma jicho. Mwanao alifika ana mapigo kwa ajili ya sindano ile." Akafunga daftari. "Na hizo arobaini na nane unazozitaja, uliza nyonga yangu. Ilivunjika akitafuta arobaini na saba."

Mdogo wake mzee akainamisha kichwa. Mzee hakuinamisha. Alikuwa bado anamtazama Mjomba, na Mjomba alijua kwamba ni yeye anayesubiriwa.

"Mzee," alisema, "ningekuwa na hakika ya kufika, ningekimbia. Sikuwa na hakika. Tulikuwa watu wanne ndani ya gari. Sina jibu jingine, na hili najua halitoshi."

"Halitoshi," mzee akakubali, akasimama, akatoka.

Kikao kiliandika kwamba dereva hakukosea. Karatasi hiyo Mjomba aliitia mfukoni bila kuisoma. Alipofika nyumbani alifungua sanduku lake la bati, akatoa kile kijidaftari cha bluu, akakaa nacho mapajani. Mama alikuwa ameingia kumjulia hali.

"Kichome hicho," Mama akamwambia.

"Hapana, dada. Nikikichoma nitasahau kwamba nilikiandika kwa furaha."

Kitu ambacho hakukisema kikaoni, wala kwenye gari, ni kwamba kijana yule aliuawa na mwendo uleule baba yake aliokuwa akiuomba. Mimi nilikisema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, umri wa kujua kila kitu. Mjomba alinikata palepale.

"Anajua," alisema. "Unadhani hajui? Ndiyo maana ananichukia mimi. Angemchukia nani mwingine akaweza kulala?"

Tangu hapo mzee hakumsalimia tena. Mjomba akipita sokoni, mzee aligeukia mashine. Mama alipofikiri kubadilisha kinu, Mjomba alimkataza, kwa hiyo mimi ndiye niliyepeleka mahindi yetu kila wiki mbili. Mzee aliyapokea, akayapima, akayasaga laini kama ya watu wote, akafunga mfuko kwa kamba, akanikabidhi. Hakupunja hata kiganja kimoja, na hakunitazama. Pembeni ya mlango, chini ya turubai, ile pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, gurudumu la mbele limejikunja kama nane. Hakuiuza na hakuitengeneza.

Mwaka ulipita, na miezi minne juu yake. Asubuhi moja mke wa mzee alianguka jikoni, tumbo limekaza kama ubao. Hospitalini wakasema kidole tumbo kimepasuka, apelekwe haraka akapasuliwe. Dereva wa gari la pili, lililoletwa mwaka huo, alikuwa safarini upande mwingine. Aliyekuwepo ni Sinia.

Walimpakia mama, Mama Pamba akapanda naye, akafunga mkanda. Mzee wa Mashine akabaki amesimama nje, kando ya mlango wa mbele, mkono kwenye kitasa. Mjomba aliwasha gari akamngoja. Alifikiri mzee atakataa. Hatimaye akafungua, akaketi, akavuta mkanda, akapapasa kutafuta pa kuuchomeka, maana mara ile hakuufunga.

"Sijakusamehe," akasema, akitazama mbele.

"Najua, mzee."

"Basi twende."

Wakaenda. Themanini. Mzee hakuutazama mshale wa mwendo, ila Mjomba alikuwa anayaona magoti yake yakikandamiza sakafu, kama mtu anayekanyaga mafuta upande ambao hauna mafuta. Nyuma, mama alikuwa akiguna na Mama Pamba akimwambia apumue kwa mdomo. Mara mbili magari madogo yaliwapita kwa mlio, na mara mbili mzee alifumba macho.

Walivuka daraja. Mjomba akashusha gia. Kwenye kona mchanga ulikuwepo, mwembamba, umetawanyika, na gari likapita juu yake kwa mwendo wa mtu anayepita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Mzee aligeuka akautazama mtaro.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Sista alitupwa upande gani?"

Mjomba akamwonyesha kwa kidevu. Mzee aliendelea kutazama hadi kona ikaisha. Walifika hospitali kubwa kwa dakika sabini na moja. Mke wa mzee alipasuliwa mchana uleule. Usaha ulikuwa umeenea lakini daktari aliuosha wote, na kufikia siku ya tatu alikuwa akiwagombeza wauguzi kuhusu uji.

Baada ya siku tisa Mjomba alitumwa kupeleka sampuli za maabara, akawarudisha. Mke wa mzee akakaa nyuma na Mama Pamba, na kwa kuwa mshono ulikuwa bado unauma, walikuwa wakikatazana kuchekeshana na huku wanachekeshana. Mzee akakaa mbele. Alikuwa amelala kwenye benchi siku zote tisa, na nyusi zake zilikuwa nyeusi tena. Kilomita chache nje ya mji alianza kuuliza habari za gari, linakula mafuta kiasi gani, tairi zinadumu miezi mingapi. Mjomba akamjibu. Kabla jibu la tairi halijaisha, mzee alikuwa ameegemeza kichwa mlangoni, mdomo wazi, amelala fofofo.

Mjomba akapandisha kioo upande ule ili upepo usimpige, akapunguza kidogo kwa sababu ya matuta, akaendelea.